Kondoo wa Paani na Jina la Dada Mektilda

Ni mwaka kamili leo, dada Mektilda, tangu tukuteremshe ngazi za ghorofa nne ukiwa umelala, wewe uliyezipanda miaka ishirini na miwili ukiwa na kiroba cha viazi kichwani na bado una pumzi ya kumgombeza aliyeacha maganda ya machungwa njiani.

Watu waliandika mengi ulipoondoka. Kadi zilisema ulikuwa mkarimu, mcha Mungu, mama wa wote. Ni kweli, lakini maneno hayo huandikiwa hata watu ambao hawakuwahi kumpa jirani maji ya kunywa. Wewe ulistahili kuandikwa kwa vitu vyenyewe. Tena kipo kitu kimoja ambacho jengo zima hapa Mchafukoge lilikisema vibaya juu yako, likakishikilia miaka minane na nusu, nawe ukakiacha hivyo hivyo mpaka unaingia kaburini. Kilisemwa hadharani, kwa hiyo familia yako inakisahihisha hadharani. Ni ile habari ya kondoo.

Lakini kwanza wakusome ulivyokuwa.

Ulikuwa na duka la masufuria kule Kariakoo, na ulikuwa muuzaji wa ajabu. Mteja akichagua, unaligonga sufuria kwa kifundo cha kidole, unasikiliza kama daktari, kisha unamwambia: "Hili acha, mama. Chini ni jepesi, litakuunguzia wali." Mumeo Kasmir alikuwa akishika kichwa. "Mektilda, tumelileta hapa tuliuze au tuliseme?" Nawe unamjibu bila kugeuka, "Tuliuze kwa mtu ambaye hatapika wali." Wateja walicheka, na walirudi.

Tarehe nne Machi 2012, msimamizi wa jengo alifunga mlango wa paa kwa kufuli kubwa, akasema paa si jiko la watu. Mdogo wako wa mwisho, Vitalis, aliandika waraka wa kurasa tatu. Vitalis huyu aliishia darasa la saba. Mengine yote alijisomea mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia maandazi na vitabu vilivyotandazwa chini pale Posta, na kila jioni alikuwa akisimama Mnazi Mmoja kuwaeleza wapita njia haki zao, akiwatajia kila ahadi iliyovunjwa, nani aliitoa, siku gani, na siku hiyo alivaa shati gani. Waraka wake haukujibiwa. Wewe ulishusha jiko lako la mkaa, ukaliweka mlangoni pa ofisi ya msimamizi, ukaanza kukaanga vitunguu. Hukusema neno. Kufikia adhuhuri ufunguo ulikuwa umerudi. Vitalis alikuwa amepiga kelele miaka sita na hajawahi kufungua hata komeo la choo. Siku ile alikaa kwenye ngazi akakutazama tu, mdomo wazi.

Na sasa tuseme juu ya kondoo wako, maana wanaosoma gazeti hili wengi hawamtaki kondoo. Wanasema ananuka. Ulikuwa ukiwacheka. "Mnamlaumu mnyama kwa uvivu wenu!" Ulichukua kisu kidogo, ukapasua paja, ukaitoa ile tezi iliyojificha kwenye mafuta, ndogo kama harage, ukaitupa kwa paka. Baada ya hapo ulikata vipande vikubwa vya kumtia mtu adabu, ukaviweka kwenye sufuria bila tone la maji, chumvi tu na tangawizi na kitunguu saumu vya kutwanga, ukafunika. Nyama ikatoa maji yake yenyewe, ikachemkia humo mpaka yakakauka, ndipo mafuta ya mkia yakaanza kuyeyuka na nyama ikajikaanga yenyewe. Harufu ilishuka ngazi zote nne. Mafundi cherehani wa chini walisimamisha mashine. Vitunguu maji vikafuata mpaka vikawa rangi ya chai ya rangi, kisha nyanya, pilipili manga, maji ya moto kidogo kidogo, karoti, viazi, na mwisho kabisa ndizi mshare kutoka nyumbani Marangu, zisije zikavurugika. Ilichukua saa tatu na nusu, wakati mwingine nne. Mtu akikuharakisha ulimpa kijiko na kumwambia, "Haya, ivisha wewe."

Vitalis aliwahi kusoma kitabu kizima kuhusu jinsi mataifa yanavyoungana. Anakiri kwamba hakikumfundisha nusu ya alichokiona paani kwako, kati ya matangi ya maji, watu arobaini wa dini mbili na makabila hata hayahesabiki wakilamba mchuzi vidoleni na kugombea mfupa wenye uboho. Iwe Pasaka, iwe Idi, iwe mtoto wa mtu kafaulu, ulipika. Wali ulikuwa wa Mwanne wa ghorofa ya pili, shoga yako kutoka Lindi, kila mara wali wake na mchuzi wako. Na kisu kilikuwa cha Mzee Abdulswamad, fundi cherehani wa chini, kila mara, hata siku ya Krismasi, ili asiwepo wa kula na wa kutazama. Huo haukuwa mkataba ulioandikwa. Ilikuwa adabu ya jengo, na wewe ndiye uliyeilinda.

Ndipo ikaja Desemba 2015.

Mwezi wa Novemba ulikuwa umeanguka dukani kutoka kwenye ngazi ya rafu, mguu ukatiwa plasta. Wachaga wenzio wote wakapanda basi kwenda kuhesabiwa Kilimanjaro, wewe ukabaki, mara ya kwanza katika maisha yako. Ulilia siku moja. Siku ya pili ukasema: "Basi Krismasi itapanda hapa hapa. Vitalis, nenda Pugu ukaniletee kondoo mwenye mkia." Tarehe 26 asubuhi Kasmir na kaka yako Benedict walikubeba juu ya kiti mpaka paani, wakakukalisha mbele ya jiko kama askofu. Kushuka kwenye ua wa nyuma kushuhudia uchinjaji hukuweza. Kazi hiyo ukamwachia Vitalis.

Mzee Abdulswamad alikuwa ameondoka mapema kwenda kuzika Kisutu. Aliacha neno: "Nisubirini mpaka saa nne." Saa nne ikafika, hayupo. Saa nne na nusu, hayupo. Maiti alikuwa akingoja ndugu zake kutoka Tanga, lakini hilo Vitalis hakulijua. Alichokijua ni hasira yake. Wiki ile ile alikuwa amebishana na watu Mnazi Mmoja, akawaambia kwamba wapangaji wanaogawanywa na kisu hawatamshinda mwenye nyumba hata siku moja, nao wakamzomea. Alisimama pale bombani na kamba mkononi, kondoo anamtazama, na wazo likamwingia kichwani akaliona ni zuri. Atachinja mwenyewe. Watu watakula, watashiba, watasifu. Kisha yeye atasimama juu ya kreti la soda awaambie: mmeona? Mkono ni mkono. Mmekula, na mbingu iko pale pale.

Alichinja. Alipandisha nyama kwenye karai. Nawe ukamuuliza, dada, ukiwa umeshashika kisu chako kidogo:

"Mzee amemaliza?"

"Amemaliza," akasema Vitalis.

Neno moja tu, na ulimwamini, kwa sababu alikuwa mdogo wako.

Saa nane na nusu watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mwanne alikuwa ameshaleta wali, sinia mbili zimefunikwa kanga. Alikujia jikoni kama kawaida yake, akakinga kiganja cha mkono. "Hebu nionje chumvi, shoga." Ukamdondoshea mchuzi kiganjani. Akaulamba, akafumba macho. "Mektilda, wewe mwanamke utaulizwa siku ya mwisho. Huku ni kututoa roho." Mlicheka wote wawili mpaka plasta ikakuuma.

Hapo ndipo Mzee Abdulswamad alipotokeza kwenye mlango wa paa, kanzu ina vumbi la makaburini, anahema, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mniwie radhi, binti yangu," alikwambia kwa sauti ya chini. "Wa Tanga walituchelewesha. Huyo mnyama mmemfunga wapi?"

Wewe ulikuwa na upawa mkononi na bakuli la kwanza mbele yako. Ulimtazama mzee. Ulilitazama sufuria. Halafu ukamtazama Vitalis, na Vitalis anasema tangu siku ile hajawahi kutazamwa tena na mtu yeyote kwa namna ile.

Alikusogelea sikioni. "Dada, pakua tu. Wakishakula nitawaeleza mwenyewe. Ni kwa faida yao."

"Wakishakula?"

"Watanielewa."

Ulirudisha mchuzi wa bakuli ndani ya sufuria. Ukafunika. Kisha, ukiwa na mguu wa plasta na bila fimbo, ulisimama. Watu wote waligeuka, kwa sababu hawakuwa wamekuona umesimama tangu Novemba.

"Jamani," ulisema. "Nyama hii hakuichinja Mzee. Msile. Kosa limetoka jikoni kwangu na ni langu mimi. Sikushuka kuhakikisha. Mwanne ameshaonja chumvi, na hilo namwomba radhi mbele yenu wote, maana alionja akiniamini mimi."

Kwanza yalisikika maji yanayojaa kwenye tangi. Kisha ikaanza minong'ono. Mmoja akasema, "Tulikuwa tunalishwa kibudu!" Mwingine, "Kachoka kumngoja mzee, kaita mtu wa kwao." Kasmir alitaka kusema neno ukamshika mkono. Mzee Abdulswamad alisimama mbele ya Mwanne akamwambia kwa upole, "Hukujua, Mwanne. Huna dhambi."

"Dhambi najua sina," Mwanne akajibu, anafuta kiganja kwenye kanga. "Shoga ndiye sina."

Akashuka. Sinia zake akaziacha. Wewe ukawaambia Wakristo wanaotaka nyama waichukue wakale majumbani kwao, na pale paani ukala wali mkavu na kachumbari pamoja na waliobaki. Walikuwa kumi na mmoja. Vitalis aliwahesabu. Kreti la soda lilikuwa pale pale, na hakupanda.

Alasiri, walipomaliza kukuteremsha, alikufuata chumbani. Alikuwa analia na amekasirika kwa pamoja, kama anavyokuwa siku zote.

"Kwa nini hukunitaja?"

Ulikuwa unajikuna ndani ya plasta kwa spoku ya baiskeli.

"Ningekutaja ingekuwaje? Wasingekupiga. Wangeacha kukusikiliza, basi. Na wewe una mambo ya kuwaambia watu, ingawa unayasema kwa kelele. Mimi nina kupika tu. Mpishi asipoaminiwa anapika tena, siku moja watarudi. Wewe usipoaminiwa, umekwisha."

"Lakini ni uongo, dada."

"Sikusema uongo. Nilisema kosa limetoka jikoni kwangu. Halikutoka kwangu? Wewe si wangu?" Kisha ukamtupia kanga ajifute. "Na usinifanyie tena watu kuwa somo. Mtu hafundishwi kwa kulishwa asichokijua. Toka, nilale."

Familia inataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu sisi wenyewe hatukulielewa mpaka juzi. Ulikuwa na kitu kimoja kikubwa mjini hapa, nacho ni kwamba watu walikuamini, kuanzia sufuria unaloligonga dukani mpaka kipande unachokiweka kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Ulikichukua chote, ukampa ndugu yako akitumie. Naye alikitumia. Mwaka 2017 mwenye jengo alipotaka kuwatoa wapangaji ghafla, Vitalis alisimama uani akasema, na watu walimsikiliza, Waislamu kwa Wakristo, wakakataa kwa sauti moja, wakabaki. Wapo mpaka leo. Usiku na mchana alipongezwa. Wewe ulikuwa umesimama nyuma kabisa karibu na bomba, unapiga makofi, na wanawake wawili wa ghorofa ya tatu walisogea pembeni ulipowakaribia.

Ulipika tena, kama ulivyosema. Kila kondoo aliyefuata ulishuka mwenyewe, ukakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukamtazama Mzee Abdulswamad akichinja toka mwanzo hadi mwisho, na ukamwita yeyote anayepita aje naye atazame. Watu walirudi kidogo kidogo, mwaka huu wanne, mwaka ule saba. Mwanne hakurudi. Ulikuwa ukimpita ngazini, unamkaribisha, naye anajibu, "Nimeshiba, Mama Brightness." Zamani alikuwa hakuiti hivyo. Alikuwa akikuita shoga, au Mektilda, au mwanaharamu wewe, siku mkifurahi.

Msibani kwako alikuja. Aliosha vyombo siku tatu bila kupumzika. Chakula chake alikuja nacho kwenye kopo kutoka nyumbani. Vitalis aliliona lile kopo, na tangu hapo, anasema, kila anaposimama Mnazi Mmoja na kutaja neno haki, ulimi unamgeuka.

Jumapili iliyopita alikwenda kugonga ghorofa ya pili.

"Da Mwanne, nina neno."

"Liseme haraka, nina maharage motoni."

Akalisema lote. Kamba, bomba, saa nne na nusu, "amemaliza", na maneno aliyokunong'oneza sikioni. Mwanne alisikiliza ameshika mlango. Maharage yaliungua, wote wawili waliyanusa, na hakuna aliyesogea.

"Kwa hiyo siku ile," akasema Mwanne mwishowe, "nilipomkodolea macho nikingoja anitajie aliyefanya vile, alikuwa anayo ya kunijibu."

"Alikuwa nayo."

"Miaka minane namwambia nimeshiba. Siku nyingine sijala tangu asubuhi, harufu inateremka, nafunga dirisha. Na wewe unapita hapa, unaniamkia, unanibebea mtungi wa gesi mpaka ndani. Ulikuwa unanibebea kwa wema au kwa woga?"

"Kwa woga, Da Mwanne."

"Afadhali umesema." Alikaa chini, pale pale kizingitini, mwanamke wa miaka sitini na tatu, akaufungua mkono wake wa kulia akautazama kiganja. "Mimi nilimsema kwa kila mtu. Kuanzia ngazi hizi mpaka sokoni, duka kwa duka. Nani ataenda kuyakusanya maneno hayo sasa? Mimi kwa magoti haya?"

"Nitakwenda mimi."

"Hutayamaliza. Andika. Wewe si ndiye hodari wa kuwaandika wakubwa na makosa yao na tarehe zake? Haya. Jiandike. Uweke na saa."

Ameandika. Kalamu tumemwachia yeye, na sisi wengine tumesoma kila mstari. Alitaka kuongeza maelezo ya kwa nini alifikiri vile, binti yako Brightness akayafuta. Kama baada ya leo watu wataacha kumsikiliza, ni haki yao, na anajua. Anasema anastaajabu kitu kimoja tu: kwamba wewe uliijua bei hiyo siku ile ile, mguu mmoja kwenye plasta na upawa mkononi, kwa muda usiozidi kufunika sufuria, ukaamua kuilipa, na jioni yake ukamuuliza kama amekula.

Sisi nasi tumebaki kushangaa. Tulidhani tunaishi na mpishi.

Basi na ijulikane Mchafukoge, na ijulikane Kariakoo duka kwa duka: Mektilda hakumlisha mtu kwa hila. Aliyefanya hila ni mwingine, na ameshajitaja. Mektilda ndiye aliyesimama.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa moja asubuhi. Saa nane mchana tutakuwa paani, na kondoo atachinjwa uani na Mzee Abdulswamad saa tatu kamili asubuhi, atakayependa aje aone. Mwanne hajasema kama atapanda. Alichosema, alipoletewa tangazo hili alisome kabla halijapelekwa gazetini, ni kwamba jina lake lisiwekwe chini kwenye "majirani na marafiki". Alitaka juu, kwenye ndugu, tena mbele yao. Ndugu tumekaa, tumekubali.

Unakumbukwa na Mwanne binti Uledi. Unakumbukwa na mumeo Kasmir, ambaye bado anagonga masufuria kabla ya kuyauza. Na binti yako Brightness. Na kaka yako Benedict na wifi yako Joyceline, Marangu. Na Mzee Abdulswamad. Na mdogo wako Vitalis, aliyechinja.

Hatutakusahau, Mektilda. Leo tunalitamka jina lako likiwa safi, kama ulivyolibeba wewe mwenyewe siku zote.